Kwa nini jibu la darasani halifiki kwenye jibu la kitabu? Kupima enthalpia ya chumvi inayoyeyuka

*Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nafundisha kemia kidato cha tano katika shule iliyoko pwani ya Tanzania. Wiki iliyopita wanafunzi walipima badiliko la enthalpia, yaani joto linalofyonzwa au kutolewa, amoniamu kloridi inapoyeyuka katika maji. Hatuna kalorimita, yaani chombo maalumu cha kupimia joto, kwa hiyo tulitumia bika ya kioo ya mililita 250, maji ya mtungi gramu 100 na chumvi gramu 5.35, yaani moli 0.1. Kundi moja liliona jotoridi likishuka kutoka 29.0 hadi 26.5, na hesabu ikaleta kilojuli 10.5 kwa moli. Makundi mengine yalipata 8.4 na 12.5. Kitabu kinasema 14.8. Nahisi chumvi yetu imepitwa na wakati, na vipimajoto navyo havisemi kweli, maana kimoja kinasoma digrii moja zaidi ya vingine. Mwaka juzi tulijaribu mrututu, yaani kopa salfeti: chupa moja ikapasha maji, nyingine ikayapoza! Wanafunzi pia wananibana: kwa nini tunaandika alama ya kujumlisha wakati maji yamepoa? Mkuu wa shule akikubali tununue kalorimita, tatizo litaisha?*

Salama, Mwalimu. Nianze na hayo majibu yenu matatu, maana yana siri ndani yake. Chukua gramu 100 za maji, zidisha kwa 4.18, yaani juli zinazobadilisha jotoridi la gramu moja ya maji kwa digrii moja, kisha zidisha kwa digrii 2.0: unapata juli 836, ambazo kwa moli 0.1 ni kilojuli 8.4 kwa moli. Fanya hivyohivyo kwa digrii 2.5, unapata 10.5. Kwa digrii 3.0, unapata 12.5. Umeona? Makundi yenu hayakupingana kuhusu amoniamu kloridi. Yalitofautiana kwa nusu digrii tu, na kipimajoto chenye mistari ya digrii mojamoja hakikupi zaidi ya kukisia nusu. Kwa vifaa mlivyokuwa navyo, hakuna kundi ambalo lingeweza kuandika 14.8 hata kama kila kitu kingine kingekwenda sawa, kwa sababu jibu hilo linadai jotoridi lishuke digrii 3.54. Mwanafunzi angesoma 3.5 akiwa na bahati, au 3.0, au 4.0.

Kwa hiyo kabla hatujaisaka kasoro kwenye chumvi, tukubaliane kwamba jaribio zima limebebwa na tofauti ya namba mbili zilizosomwa kwa jicho. Kila usomaji unaweza kukosea nusu digrii, na mkitoa mmoja kwenye mwingine, makosa yanaweza kujumlika hadi digrii nzima. Digrii moja ndani ya mbili na nusu ni asilimia 40. Mizani yenu ikikosea sehemu ya mia ya gramu, hakuna atakayejua.

Chumvi yenyewe naiondolea mashtaka karibu yote. Amoniamu kloridi haichachi wala haiozi kabatini. Inachoweza kufanya ni kunyonya unyevu, na huko pwani unyevu upo wa kutosha. Lakini tupige hesabu: chumvi ikiwa na maji asilimia 5, jibu linashuka kwa asilimia 5, yaani 14.8 inakuwa karibu 14.1. Ili unyevu peke yake uwafikishe 10.5, karibu asilimia 30 ya mlichopima ingebidi kiwe maji. Hiyo isingekuwa chumvi tena, ungekuwa uji mzito, na mngeuona. Kama bado una wasiwasi, tandaza chumvi nyembamba kwenye sahani, ikaushe kwenye oveni isiyozidi nyuzi 100 na uifunge vizuri ikishapoa. Usiipashe kwa moto wa moja kwa moja, kwa sababu amoniamu kloridi ikipata moto mkali huachana na kuwa gesi ya amonia na gesi ya haidrojeni kloridi, ambazo zikikutana tena hewani huwa moshi mweupe. Kwa mtu aliyesimama karibu na moshi huo, si jambo la kufurahisha.

Na kile kipimajoto kinachosoma digrii moja zaidi? Hakina hatia kabisa, mradi kinazidisha digrii hiyohiyo siku zote. Kikisoma 30.0 badala ya 29.0, kisha 27.5 badala ya 26.5, tofauti inabaki 2.5. Kosa lisilobadilika hufutika tunapotoa. Hatari ni kusoma jotoridi la mwanzo kwa kipimajoto kimoja na la mwisho kwa kingine. Hapo ile digrii moja inaingia yote kwenye jibu. Kundi moja, kipimajoto kimoja, mwanzo hadi mwisho.

Sasa alama ya kujumlisha, maana wanafunzi wako wameuliza jambo la maana na wanastahili jibu zaidi ya "ndiyo kanuni".

Fuwele ya amoniamu kloridi ni mpangilio wa ioni chanya za amoniamu na ioni hasi za kloridi zinazovutana kwa nguvu. Kuzitenganisha kunahitaji nishati. Nasisitiza hapa kwa sababu wanafunzi wengi hufika kidato cha tano wakiamini kwamba kifungo kikivunjika ndipo nishati inapotoka. Ni kinyume chake: kuvunja hugharimu, kuunganisha hutoa. Ioni zikishaachana, molekuli za maji huzizunguka. Upande wa oksijeni wa molekuli ya maji una uhasi kidogo, kwa hiyo huielekea ioni chanya. Upande wa haidrojeni una uchanya kidogo, nao huielekea ioni hasi. Kule kuzungukwa na maji ni kuunganika, na kunatoa nishati nyingi. Badiliko la enthalpia tunalopima ni salio la matukio hayo mawili.

Chumvi ya mezani inaonyesha vizuri jinsi salio hilo lilivyo dogo. Kutenganisha ioni za moli moja ya sodiamu kloridi hugharimu takriban kilojuli 787. Maji yanapozizunguka ioni hizo hurudisha takriban kilojuli 783. Ni kama mfanyabiashara aliyenunua mzigo kwa 787 akauuza kwa 783: pesa nyingi zimepita mkononi, lakini kilichobaki mwisho wa siku ni hasara ya 4. Ndiyo maana chumvi mbili zinazofanana sana zinaweza kwenda pande tofauti. Ukibadilisha ioni moja kwa nyingine yenye ukubwa tofauti kidogo, namba zote mbili husogea, na salio linaweza kuvuka sifuri. Lithiamu kloridi hutoa kilojuli 37 kwa moli ikiyeyuka. Potasiamu kloridi hufyonza 17.

Pale marejesho yanapopungukia gharama, nishati ya kuziba pengo hutoka wapi? Hutoka kwenye mwendo wa molekuli za maji yenyewe. Zinapunguza kasi, na sisi tunasoma jotoridi likishuka. Maji yamepoteza joto, chumvi na ioni zake zimelipokea. Tunapoandika badiliko la enthalpia tunaandika upande wa chumvi inayoyeyuka, si upande wa maji yanayotuambia habari. Upande uliopokea una alama chanya. Ukitaka wanafunzi wasichanganyikiwe, walazimishe kuandika mistari miwili kila mara: kwanza joto la maji, ambalo hapa ni hasi kwa sababu maji yamepoa, kisha enthalpia ya chumvi, ambayo ni namba hiyohiyo iliyogeuzwa alama na kugawanywa kwa moli. Wengi hukosea kwa sababu wanaruka mstari wa kwanza.

Mwanafunzi mkali atauliza: kama kuna hasara, kwa nini chumvi iyeyuke? Kwa sababu nishati siyo mwamuzi pekee. Ioni zilizotapakaa kwenye maji zina namna nyingi mno za kukaa kuliko ioni zilizopangwa safu kwenye fuwele, na entropia hiyo ndiyo inayoshinda. Hilo ni somo la siku nyingine, lakini usimzime.

Turudi mezani. Baada ya kipimajoto, mshukiwa wangu mkubwa ni ile bika. Bika ya kioo ya mililita 250 huwa na uzito wa karibu gramu 100, na kila gramu ya kioo huhitaji karibu juli 0.8 ili jotoridi lake libadilike kwa digrii moja. Bika nzima basi hubeba kama juli 80 kwa digrii, wakati maji yenu yalibeba 418. Si kioo chote kinachopoa, kwa sababu nusu ya juu haigusi maji, lakini hata ukihesabu nusu tu, juli 40 kwa kila digrii zimetoka kwenye kioo na hamkuziandika popote. Ziongeze kwenye hesabu ya kundi lile la digrii 2.5, na 10.5 inapanda hadi karibu 11.5. Hesabu kioo chote, unafika 12.5. Hapo hatujaigusa chumvi.

Kisha kuna chumba. Maji yaliyopoa kuliko hewa inayoyazunguka hupokea joto kila sekunde, na bika wazi juu ya meza ya mbao, na kiganja cha mwanafunzi kimeishika, haizuii kitu. Halafu umetaja maji ya mtungi. Mtungi hupoza maji kwa sababu maji yanayopenya kwenye udongo wake huvukiza, kwa hiyo mlianza na maji ambayo tayari yalikuwa ya baridi kuliko chumba na yalikuwa yakijipasha hata kabla chumvi haijaingia. Teka maji mapema, yaache ndani ya chombo kilichofunikwa mle maabara kwa saa kadhaa hadi yalingane na chumba. Ukitaka kuwa mjanja zaidi, yapashe kidogo ili yaanze digrii moja au mbili juu ya chumba. Yatakapopoa yatapita chini ya jotoridi la chumba kwa kiasi kilekile, na joto lililovuja mwanzoni litakaribia kufidiwa na lililoingia mwishoni.

Badala ya bika, tumia vikombe viwili vya povu la plastiki, kimoja ndani ya kingine, kisha uvitie ndani ya bika hiyohiyo ili visipinduke. Kata kifuniko cha kadibodi chenye tundu la kipimajoto. Vikombe hivyo vina gramu chache tu na havipitishi joto kirahisi. Visipopatikana, chupa ya chai yenye mdomo mpana inafaa. Kimsingi ni chombo kilekile alichobuni James Dewar mwaka 1892 kwa ajili ya gesi zilizogeuzwa kimiminika. Tatizo lake ni kwamba ukuta wake wa ndani nao hunyonya joto, na ukitia gramu 100 tu kwenye chupa ya lita moja, ukuta unakuwa na sauti kubwa kwenye hesabu. Tia maji gramu 400 na uongeze chumvi kwa uwiano huohuo.

Chombo chochote mtakachochagua, kipimeni chenyewe kwanza. Weka gramu 50 za maji ya kawaida kwenye kikombe, soma jotoridi. Ongeza gramu 50 za maji ya moto ambayo jotoridi lake umelisoma muda huohuo kwa kipimajoto kilekile, kikiwa kimefutwa. Tuseme ya baridi yalikuwa 28.0 na ya moto 48.0. Kikombe kisichonyonya chochote kingewapa 38.0. Mkipata 37.6, maji ya moto yametoa juli 2174, ya baridi yamepokea 2006, na juli 168 zimeingia kwenye kikombe na kipimajoto kwa kupanda digrii 9.6. Hizo ni kama juli 17.5 kwa digrii. Namba hiyo mtaijumlisha na 418 katika kila hesabu inayofuata. Rudieni mara tano na mchukue wastani, kwa sababu hapa pia ile nusu digrii ya kipimajoto inaweza kuharibu kila kitu.

Sasa jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo litakalowasaidia kuliko yote: grafu. Msisome mara mbili tu. Kipimajoto kiwe ndani ya maji, na jotoridi lisomwe kila nusu dakika kwa dakika nne. Dakika ya nne mimina chumvi iliyosagwa laini kwenye kinu cha maabara, koroga taratibu bila kukoma, usisome dakika hiyo. Endelea kusoma kila nusu dakika mpaka dakika ya kumi au kumi na mbili. Mkichora, mtaona mstari wa mwanzo uliotulia, mteremko wa ghafla, kisha mstari unaopanda polepole kadiri chumba kinavyorudisha joto. Weka rula kwenye mstari ule unaopanda na uurefushe kurudi nyuma hadi dakika ya nne. Pale unapokatiza ndipo jotoridi lingefika kama chumvi yote ingeyeyuka papo hapo na chumba kingekaa kando. Tofauti kati ya mstari wa mwanzo na alama hiyo ndiyo ya kuingiza kwenye hesabu.

Faida ya grafu haiishii kwenye joto lililovuja. Mstari uliopitishwa katikati ya nukta kumi na tano hukadiria jotoridi kwa usahihi kuliko nukta yoyote moja, hata kama kila nukta imesomwa kwa nusu digrii. Kipimajoto kilekile kibovu kinapewa nafasi ya kujirekebisha.

Njia nyingine, na rahisi mno, ni kuongeza chumvi. Gramu 100 za maji zinayeyusha zaidi ya gramu 30 za amoniamu kloridi kwenye jotoridi la kawaida, kwa hiyo gramu 10.7 hazitaacha masalio. Jotoridi litashuka karibu digrii 7 badala ya 3.5, na kosa lilelile la kusoma litapungua uzito kwa nusu. Ukienda upande wa pili, wa kuongeza maji kwa chumvi ileile, jotoridi litashuka kwa kiasi pungufu na hamtaona kitu kwenye kipimajoto. Joto lote linalofyonzwa halibadiliki sana. Limetandazwa tu kwenye maji mengi.

Kuna ubishi mmoja kwenye hesabu ambao najua utakufikia: je, tuzidishe kwa uzito wa maji, gramu 100, au uzito wa mmumunyo wote, gramu 105.35? Vitabu havikubaliani. Ukitumia 105.35 jibu lenu la 10.5 linapanda hadi 11.0, na mwanafunzi atasema "tumekaribia, basi ni sahihi". Asidanganyike. Namba 4.18 ni ya maji safi. Mmumunyo wa chumvi una joto mahususi dogo zaidi kwa kila gramu, kwa sababu maji yaliyobanwa na ioni hayabebi joto kama yaliyo huru. Kwa chumvi kama sodiamu kloridi na potasiamu kloridi, moli moja ndani ya kilo moja ya maji, mmumunyo mzima huhitaji joto pungufu kidogo hata kuliko yale maji peke yake. Kwa hiyo kuzidisha 4.18 kwa uzito wa maji tu kuna kosa la asilimia chache, na kuzidisha kwa uzito wa mmumunyo wote kuna kosa la takriban asilimia 7 hadi 10. Mimi hutumia maji. Kama mwongozo wa mtihani wenu unadai vingine, fuateni mwongozo, lakini muandike mlichokichukulia.

Namba ya kitabu nayo isomwe kwa akili. Ile 14.8 ni ya nyuzi 25 na mmumunyo mwepesi mno, karibu na kikomo cha maji yasiyo na mwisho. Ninyi mko kwenye nyuzi 29 na mmumunyo mzito. Potasiamu kloridi, ambayo maabara za dunia huitumia kuhakiki kalorimita, inaonyesha ukubwa wa jambo hili. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliipa thamani ya kilojuli 17.584 kwa moli katika nyuzi 25, moli moja ndani ya moli 500 za maji. Kwenye kikomo cha maji yasiyo na mwisho, chumvi hiyohiyo ina 17.22. Na kila digrii moja unayopanda juu ya 25 hupunguza karibu kilojuli 0.16. Mtu anayepima huko pwani saa nane mchana hana sababu ya kutafuta desimali mbili za kitabu. Mkifika kati ya 14 na 15.5 kwa vikombe vya povu na grafu nzuri, nawavulia kofia.

Sasa mrututu, ambao umenifurahisha. Hapakuwa na kiini macho; mlikuwa na vitu viwili vyenye jina moja. Ule wa bluu, ambao wakulima wa kahawa wanaufahamu kama dawa ya ukungu, kila sehemu yake ya kopa salfeti imebeba molekuli tano za maji ndani ya fuwele. Ukiupasha, maji hutoka na unabaki unga mweupe. Unga mweupe ukiyeyuka hutoa kilojuli 66 hivi kwa moli, kwa sababu ioni za kopa zilizokuwa na kiu ya maji zimeyapata kwa mara ya kwanza. Ule wa bluu tayari ulikwisha kupokea sehemu kubwa ya maji hayo siku ulipotengenezwa, joto likatoka siku hiyo, kwa hiyo sasa ukiyeyuka hufyonza kilojuli 12 hivi. Chupa iliyopasha maji ilikuwa na unga mweupe au wa rangi hafifu, nakubashiria, na iliyoyapoza ilikuwa ya bluu iliyokolea.

Tena hapo umeshika jaribio zuri kuliko la amoniamu kloridi. Huwezi kupima moja kwa moja joto linalotoka unga mweupe unapogeuka kuwa fuwele za bluu, kwa sababu ukidondosha maji juu ya unga haupati fuwele safi zenye molekuli tano tano, unapata mchanganyiko. Lakini zote mbili huishia kwenye mmumunyo uleule. Kutoka unga hadi mmumunyo ni hasi 66. Kutoka fuwele hadi mmumunyo ni chanya 12. Basi kutoka unga hadi fuwele ni hasi 78. Mwanakemia Germain Hess aliitangaza kanuni hiyo, kwamba jumla ya joto haitegemei njia iliyopitwa, mwaka 1840 akiwa St. Petersburg, na sioni jaribio la sekondari linaloionyesha kwa gharama ndogo kuliko hili. Kumbuka tu kuongeza maji yaliyomo kwenye fuwele za bluu unapohesabu uzito wa maji, na mrututu uliokwisha kutumika usimwagwe mtaroni unaoelekea bwawani. Huua samaki.

Kwa darasa la mwanzo nisingechagua mrututu lakini, wala nisingechagua chumvi ya mezani, ambayo walimu wengi huikimbilia kwa sababu ipo jikoni. Gramu 5.84 zake kwenye gramu 100 za maji hazifikishi digrii moja, na wanafunzi watahitimisha kwamba hakuna kilichotokea. Potasiamu naitreti ni bora kwa jicho la kipimajoto: gramu 10.1 hushusha jotoridi kwa digrii 7 hadi 8. Bei yake iko juu kidogo, na iwekwe mbali na moto, karatasi na mafuta kwa sababu huchochea kuungua. Kostiki soda hupasha vizuri, hasi 44.5 kwa moli, ila vidonge vyake hunyonya unyevu mkiwa bado mnapima uzito na huunguza ngozi na macho. Ikimrukia mtu jichoni, suuza kwa maji mengi yanayotiririka dakika 20 nzima na aende hospitali, hata akisema amepona.

Amoniamu naitreti utaiona kwenye vitabu vya nje kwa sababu inapoza sana. Iache. Ni kemikali ya kulipuka katika mazingira fulani na umiliki wake unadhibitiwa, na haikupi somo lolote ambalo amoniamu kloridi haikupi. Mbolea ya dukani nayo isichukuliwe kama mbadala wa kupimia: CAN, yaani kalisiamu amoniamu naitreti, ina chokaa ndani yake, kwa hiyo moli zake huzijui. Urea huupoza mkono wa mkulima anapoikoroga kwenye ndoo, na ni mfano mzuri wa kusimulia darasani, ila siyo chumvi, haina ioni.

Kuhusu kununua kalorimita: sikushauri, angalau siyo mwaka huu. Kalorimita ya shaba ya sekondari bado ni kopo la metali lenye koti. Ukiisoma kwa kipimajoto cha digrii mojamoja, utapata 8.4, 10.5 na 12.5 zilezile. Fedha hiyo mwombe mkuu wa shule ainunulie vipimajoto vya kidijitali vinavyoonyesha sehemu ya kumi ya digrii, kimoja kwa kila kundi, na vikombe. Sehemu ya kumi inayoonekana kwenye kioo chake haina maana kwamba jotoridi halisi linajulikana kwa kiwango hicho, lakini sisi tunataka tofauti, na kwenye tofauti vinafanya kazi nzuri.

Kuna mambo ambayo sitayamaliza kwa maandishi. Kama zile chupa za mrututu, au nyingine yoyote kabatini, zimepoteza lebo, msizifungue kujaribu. Wasilianeni na ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali, wao ndio wenye mamlaka ya kemikali na watawaelekeza namna ya kuzitambua au kuziteketeza. Mkitaka kujua kipimajoto gani kati ya vyenu kinasema kweli, Shirika la Viwango lina maabara ya vipimo inayohakiki, na chuo kikuu kilicho jirani kinaweza kuwasaidia kulinganisha. Na kama vyenu ni vya zebaki na kimoja kikivunjika, toa wanafunzi nje, fungua madirisha, usifagie kwa ufagio. Zebaki iliyofagiwa hugawanyika vidonge vidogo vinavyoingia kwenye nyufa za sakafu na kuendelea kutoa mvuke kwa miezi.

Wiki ijayo jaribu na makundi mawili tu, moja likitumia bika kama mlivyofanya na jingine vikombe vya povu na grafu, yote kwa gramu 10.7. Niandikie namba zote, hata zile ambazo wanafunzi wamezifuta kwa aibu. Hizo hasa ndizo ninazotaka kuziona.